Pelagia na Wakubwa Wawili

Kwa miaka mingi Pelagia alikuwa na ombi moja tu pale misheni ya Nyakivumba: apelekwe kusoma zaidi. Kila alipoomba aliambiwa asubiri. Aliyemwambia hivyo ni Dokta Harlan, Mmarekani mrefu aliyepinda mabega kwa kuinamia vitanda vya wagonjwa, ambaye aliijenga hospitali ile tangu enzi za Mwingereza, na hakuna aliyekumbuka kumwona amepandisha sauti. Hakuwa mtu mbaya. Alimthamini Pelagia, akamsifu mbele ya wageni, akampa sweta kila Krismasi. Na hapo ndipo Pelagia aliposhikwa pabaya, maana utagombana vipi na mtu anayekusifu?

"Wewe ndiye mkunga wangu hodari," Dokta Harlan alizoea kumwambia. "Nikikupeleka masomoni, wodi ya wazazi nitamwachia nani?"

Hospitali ilikuwa juu ya kilima, kati ya Busunzu na Kibondo, na barabara ya vumbi jekundu ilipita chini yake ikielekea Kasulu. Pelagia alikuwa na tabia ya kusimama kwenye kibaraza cha wodi na kuitazama barabara hiyo. Mama yake, Immakulata, mkulima wa Kitahana, alikuwa akisema kwamba binti huyu hata alipokuwa mgongoni hakuacha kurusha miguu. Alikuwa na chumba chake, mshahara wake na heshima yake, na wanawake wa vijiji vyote vya jirani walimwita kwa jina. Lakini kila mama mwenye uzazi mgumu alipoingizwa chumba cha upasuaji na mlango ukafungwa, Pelagia alibaki nje na beseni mkononi, na kifua kikimwaka. Ndani kulikuwa na kazi ambayo alijua angeiweza. Iwapo Dokta Harlan alikuwa safarini, wale akina mama walipakiwa kwenye gari kupelekwa mbali, na wengine hawakufika.

Mwaka wa sabini na moja Wachina wakaingia Kasulu. Walikuja kikundi kidogo, madaktari na wauguzi, wakapewa nyumba karibu na hospitali ya serikali. Habari zao zilienea vilimani kwa kasi kuliko mvua. Wanafua nguo zao wenyewe. Wanalima bustani ya mboga kabla ya kwenda kazini. Wanawachoma watu sindano zisizo na dawa ndani, na maumivu yanaondoka. Pale Nyakivumba wamisionari waliyasikia hayo mezani wakatabasamu. Dokta Harlan alisema, kwa upole wake uleule, kwamba wageni wale ni wa siasa, watakaa kidogo, watapiga picha zao na kurudi kwao.

Pelagia hakutabasamu. Aliomba ruhusa ya kwenda kununua kitenge Kasulu, akapanda lori la Khatibu.

Khatibu alikuwa mfanyabiashara wa Kasulu, baba yake mzaliwa wa Ujiji, na ndiye aliyeiletea misheni chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Watu walimwita Baba Shamsia, kwa jina la binti yake wa kwanza. Dukani kwake kulikuwa na redio kubwa, na kila jioni watu walikusanyika barazani kusikiliza taarifa ya habari, maana Khatibu hakuwanyima sauti hata wasionunua kitu. Pelagia alipomweleza njiani kwamba anakwenda kuwaona Wachina, Khatibu hakushangaa.

"Nenda mwanangu," alisema, macho yako barabarani. "Mimi nilipofungua duka, yule mwenye duka kubwa pale juu alikuwa haamkii mtu. Wiki ileile niliyopanga bidhaa zangu, akatoa benchi nje wateja wakae. Aliyenufaika kwanza si mimi wala yeye. Ni wateja."

Huko Kasulu, Pelagia alipokelewa na msichana wa Kichina aliyevaa suruali ya buluu na kofia, mkalimani wao, aliyejitambulisha kuwa ni Ndugu Sun. Kiswahili chake kilikuwa safi mno, kama cha mtangazaji, kwa sababu alikisoma darasani Peking na hakuwahi kukisikia sokoni. Alimwambia Pelagia, "Karibu, ndugu mwananchi, tunafurahi sana kushirikiana na wafanyakazi wa tabaka lako." Pelagia alitaka kucheka, akajizuia. Kisha akaletwa daktari mkuu wa kikundi, mwanamke mfupi mwenye mikono midogo, Dokta Tao. Pelagia alieleza kazi yake. Dokta Tao akauliza jambo kwa lugha yao, na Sun akatafsiri: "Anauliza, kwa nini wewe hufanyi upasuaji?"

Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Pelagia akasema ukweli, kwamba hakufundishwa. Dokta Tao akaingia ndani, akarudi na utumbo wa mbuzi uliosafishwa, sindano ya kushonea na uzi. Wakakaa kwenye ngazi, juani, akamwonyesha namna ya kufunga fundo kwa mkono mmoja. Pelagia akakosea, akarudia, akakosea tena. Lori la Khatibu lilipopiga honi vidole vilikuwa vinamuuma, na kitenge alikuwa hajakinunua.

Toka siku hiyo kila alipopata nafasi alikwenda Kasulu. Dokta Tao alimruhusu kuingia naye chumba cha upasuaji, akamweka upande wake wa kushoto, akampa kushona ngozi, kisha nyama iliyo chini ya ngozi. Hawakuelewana kwa maneno. Mchina yule alimpiga kofi dogo mkononi akikosea, na akiona fundo zuri aliguna.

Habari zikafika Nyakivumba, kama ilivyotarajiwa. Dokta Harlan alimwita Pelagia ofisini na Pelagia akaenda amejiandaa kufukuzwa. Badala yake alipewa kiti. Dokta alizungumza kwa mzunguko mrefu kuhusu uaminifu na kuhusu miaka waliyofanya kazi pamoja, na mwisho akamwuliza Wachina wanamfundisha nini. Pelagia akamwambia bila kuficha: kushona.

"Kushona ni jambo la mwisho," alisema Dokta Harlan. "Kwanza mtu ajue wapi akate."

Wiki hiyohiyo mlango uliokuwa ukifungwa ulifunguliwa. Alimwingiza kwenye operesheni ya kumtoa mtoto, akamshikisha kisu, akaweka mkono wake juu ya wa Pelagia, wakakata pamoja. Mkono wa mzee yule ulikuwa mzito na wa moto, na haukutetemeka. Pelagia alifurahi hadi machozi yakamlenga, lakini jioni, akiosha vyombo, furaha ikamgeukia kuwa kitu kingine. Kumbe iliwezekana. Kumbe miaka yote ile haikuwa wodi iliyokosa mtu wa kuiangalia. Kilichokosekana ni jirani wa kumtia mwenye hospitali wasiwasi.

Mwezi wa kumi ulipokaribia mwisho, redio ya Khatibu ilitangaza kwamba Uchina imepewa kiti chake katika Umoja wa Mataifa, ingawa Marekani ilipinga hadi dakika ya mwisho, na kwamba wajumbe wa Tanzania walishangilia ukumbini waziwazi. Barazani watu walipiga makofi. Ndugu Sun alikuwepo, akalia, halafu akajifuta uso kwa kofia kama mtu aliyeona aibu. Mzee mmoja aliuliza kama Marekani sasa imeshindwa. Khatibu akajibu kwamba mkubwa haanguki kwa siku moja, ila kuanzia leo atalazimika kuwa anageuka nyuma kutazama, na mtu anayegeukageuka nyuma ni mtu wa kuogopwa kuliko anayekwenda mbele.

Aliyeichukua habari ile akaifanyia kazi ni Tharsisi, katibu wa TANU, kijana mwenye sauti nzuri na haraka nyingi. Alimfuata Pelagia na mpango kamili. Pangekuwa na mkutano wa hadhara Kibondo. Pelagia angesimama jukwaani aeleze jinsi misheni ilivyomnyima elimu na jinsi marafiki wa Kichina walivyomfungulia macho. Baada ya hapo angependekezwa kwenda Uchina kwa mafunzo. Alisema haya yote kwa dhati, hakuwa mwongo, na macho yalimng'aa.

Kabla Pelagia hajajibu, Dokta Harlan naye akaja na lake. Kanisa lao huko Marekani limekubali kumsomesha. Miaka mitatu, hospitali kubwa, kila kitu kimelipiwa. Kulikuwa na sharti dogo tu, asionekane tena Kasulu.

Basi Pelagia, aliyeililia njia moja kwa miaka, akawa na njia mbili, na amani ikamtoka kabisa. Chakula kilimshinda. Wodini alianza kazi moja akaiacha akaenda nyingine, na wakunga wadogo wakaanza kumkwepa. Alitembea kwa miguu hadi Kitahana, akamkuta mama yake anapukuchua maharage, akamweleza. Immakulata aliuliza Marekani ni mbali kiasi gani, na Uchina ni mbali kiasi gani. Alipoambiwa zote ni mbali, ng'ambo ya bahari, aliendelea kupukuchua.

"Ukirudi," aliuliza baadaye, "utakuwa mtu wa nani?"

"Nitakuwa mwanao, mawe," alijibu, akimwita mama kwa Kiha.

"Hilo najua. Nauliza watakaokurudisha watasema wewe ni wa nani."

Swali hilo lilimkaa Pelagia njia nzima ya kurudi. Aliona kwamba wote wawili walimtaka kweli, na wote wawili walimtaka kwa sababu mwenzake alimtaka. Siku Mchina akiondoka Kasulu, Mmarekani atamkumbuka mkunga wa Nyakivumba? Na Mmarekani akifunga misheni, Mchina atamwonyesha nani? Akaamua ajibu kwa namna ambayo haikumpendeza yeyote. Alimwambia Tharsisi kwamba hatapanda jukwaani kumtukana mtu aliyemshikisha kisu. Alimwambia Dokta Harlan kwamba hataacha kwenda Kasulu. Na wote aliwaambia kwamba safari atazifikiria, lakini kwa sasa afundishwe hapahapa, kwa wanawake wa hapahapa, na afundishwe upesi.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyemwacha. Kila mmoja aliogopa kumwachia mwenzake. Pelagia akijua hilo alilitumia bila huruma. Alifika Nyakivumba akasema, "Dokta Tao ameniachia leo nishone mfuko wa uzazi," na wiki iliyofuata Dokta Harlan akamwachia akate mwenyewe, yeye akiwa amefunga mikono kifuani. Alifika Kasulu akasema, "Dokta Harlan ameniachia nikate," na Dokta Tao, Sun alipomtafsiria, akakunja uso na kumpa kazi ngumu zaidi. Hivyo ndivyo alivyovuka mwaka, akienda na kurudi kwenye lori, akisinzia juu ya magunia ya chumvi, mwembamba, macho makubwa, akihisi kwamba mlango ule hautakaa wazi milele, na kwamba lazima apitishe kila anachoweza kabla haujafungwa.

Ulifungwa mwezi wa pili mwaka wa sabini na mbili. Redio ilitangaza kwamba rais wa Marekani yuko Peking. Ametua, ameshikana mikono na wakubwa wa Uchina, wamekula pamoja. Barazani kwa Khatibu watu walisikiliza habari ile, wakasikiliza marudio yake, na safari hii hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa hawakujua wampigie nani. Tharsisi alikuwa ameandaa hotuba dhidi ya mabeberu kwa ajili ya Jumapili, na Jumapili ikafika akazungumzia kilimo. Sun alimwambia Pelagia maneno aliyofundishwa, kuwa mapambano yana hatua nyingi, lakini aliyasema akitazama chini. Dokta Harlan alicheka peke yake mezani, kicheko kisicho na mahali pa kukaa.

Pelagia alimwuliza Khatibu maana yake nini.

"Yule wa duka la juu na mimi siku hizi tunakunywa chai pamoja," Khatibu alisema. "Tumechoka kuangaliana. Lakini nenda pale juu utazame lile benchi kama bado lipo."

Taratibu mambo yakalegea. Hakuna aliyesema neno baya. Kanisa la Marekani lilipata matumizi mengine yenye haraka zaidi, na Dokta Harlan akamwambia Pelagia, akiwa na haya, kwamba itabidi jambo lile liwekwe kando kwanza. Mpango wa Uchina nao ukakwama mahali fulani juu, na Tharsisi alipoulizwa alijibu kwamba anafuatilia. Pelagia alipandwa na hasira ambayo hakuwa na mtu wa kumtupia. Alijilaumu kwamba angechagua mojawapo mapema, angekuwa ameshafika. Halafu alijitazama vidole, akafunga fundo hewani kwa mkono mmoja, akaona kwamba hilo angalau hakuna mkutano wa wakubwa utakaolirudisha walikolitoa.

Mvua za masika zilikuwa hazijakatika watu walipoanza kuvuka kutoka Burundi wakikimbia mauaji. Mwanzoni walionekana wachache Mabamba, familia zenye vyungu na mbuzi. Baada ya hapo ikawa mchana kutwa, wanaume wenye majeraha ya risasi na mapanga, akina mama wenye watoto wasio wao, wazee waliobebwa kwenye machela za mianzi. Lugha yao ilikuwa karibu sawa na Kiha, na Waha wa mpakani waliwapokea kwa uji na sehemu ya kulala mpaka nyumba zikajaa. Serikali ikaita kila mwenye dawa. Misheni ya Nyakivumba ikashuka na gari lake, Wachina wakapanda kutoka Kasulu na lao, wakakutana kwenye uwanja wa shule ya msingi Mabamba, wakatazamana.

Walipewa darasa moja. Madawati yaliunganishwa yakawa meza mbili. Dokta Harlan hakujua Kichina wala Dokta Tao Kiingereza, na kwenye haraka ya upasuaji Mmarekani alirudia Kiingereza chake, kwa hiyo neno lake lilipita kwa Pelagia likawa Kiswahili, likapita kwa Sun likawa Kichina, na jibu likarudi njia ileile. Mwanzoni walitumia adabu nyingi hadi wagonjwa wakangoja. Kufikia siku za mwishoni mwa juma walikuwa wanapokonyana koleo bila kuombana samahani. Usiku Dokta Harlan alimwambia Pelagia kuwa yule mwanamke ana mikono ambayo hajaiona tangu aache chuo. Pelagia hakuyapeleka maneno hayo kwa Sun. Aliona ni yake kuyaweka.

Asubuhi moja aliletwa mwanamume aitwaye Havyarimana, risasi tumboni, na madaktari wote wawili wakamwinamia, mmoja huku, mmoja huku, mikono yao imezama ndani yake hadi vifundoni. Hapo ndipo alipoingizwa Uwimana. Alikuwa binti mdogo aliyetembea siku nyingi porini akiwa na mimba ya kwanza, na uchungu ulikuwa umemshika tangu upande wa pili wa mpaka. Pelagia alimgusa tumbo, akampima, akajua. Nyonga ilikuwa nyembamba na mtoto amekwama. Alipoweka sikio kwenye kipimio cha mbao alisikia moyo wa mtoto unakwenda, kisha unachechemea, kisha unakwenda.

"Dokta," alisema, "huyu hangoji."

Dokta Harlan hakugeuka. "Nipe nafasi, Pelagia. Tukimwachia huyu sasa anakufa. Mwambie avumilie."

Pelagia akamgeukia Sun, na Sun akamwuliza Dokta Tao, na jibu likawa hilohilo. Wakubwa wale wawili, ambao kwa mwaka mzima hawakukubaliana hata kuhusu salamu, walikuwa wamekubaliana kwamba asubiri. Na hawakukosea, maana wangemwachia Havyarimana damu ingemwishia. Pelagia alisimama katikati ya meza mbili. Aliwaza kwamba akishindwa atakuwa ameua watu wawili mbele ya mashahidi wa mataifa mawili. Aliwaza pia kwamba hakuna tena pa kwenda kuuliza.

Akanawa mikono. Akamwambia Sun aje amshikie. Sun alitikisa kichwa kwa hofu, alisema yeye ni mkalimani, hajawahi kugusa mgonjwa, lakini miguu yake ilikuja. Pelagia alimchoma Uwimana sindano za ganzi kwenye mstari wa tumbo, akamwambia kwa Kiha asitazame chini, atazame uso wa huyu dada mgeni, na Sun, asiyejua Kiha, akaelewa akainamisha uso wake karibu na wa Uwimana. Pelagia akakata. Mkono uliomjia kumbukumbuni ulikuwa ule mzito wa moto, lakini haukuwepo, na kisu kilikwenda. Uwimana alilia, "Mana yanje," yaani Mungu wangu, kwa sauti ya chini, tena na tena, hakupiga kelele. Damu ilikuja nyingi kuliko alivyozoea kuona. Kwa muda Pelagia hakuona alipo, akaingiza mkono, akapata kichwa, kimekaza, akavuta. Mtoto alitoka wa kijivu, kimya.

Alimkabidhi Sun kwa kukosa mtu mwingine, akamwambia amsugue mgongo na ampulizie. Yeye akaanza kushona. Alishona kwa mkono wa kofi dogo na mguno, fundo juu ya fundo, hakusikia kitu, na aliposikia mtoto anakohoa hakuinua kichwa. Alikuja kugundua baadaye kwamba Dokta Tao alikuwa amesimama nyuma yake kwa muda, glavu zikidondosha damu ya Havyarimana, na hakumgusa.

Uwimana aliishi. Mtoto, wa kike, aliishi pia. Havyarimana alifariki jioni.

Baada ya siku chache wageni walianza kufika Mabamba na kamera zao. Tharsisi aliwaeleza kwamba hapa kuna mkunga mwananchi aliyepasua peke yake, matunda ya urafiki wetu na Uchina. Wamisionari walituma habari kwao kwamba mkunga waliyemlea tangu usichana ameokoa watu wawili mpakani. Picha yake ilikwenda pande zote mbili za dunia, na habari zikapanda hadi kwa wakubwa wa tiba, na wao hawakuuliza la urafiki wala la malezi. Waliuliza nani alimruhusu mkunga kupasua mtu.

Mganga mkuu mmoja, Dokta Leonidasi, Mtanzania wa makamo mwenye koti lililochakaa viwiko, alitumwa Kibondo kusikiliza. Aliwaita wote. Dokta Harlan alieleza kwa uaminifu kwamba wakati ule mgongo wake ulikuwa umegeuka, hakuona kilichofanyika. Dokta Tao alieleza, kupitia kwa Sun, kwamba kikundi chake hufundisha wale tu wanaoletwa na serikali, na mkunga huyu hakuletwa na serikali. Yote mawili yalikuwa kweli. Pelagia aliketi kwenye kiti cha mbao akiyasikiliza, akawaona wawili wale jinsi walivyofanana walipokaa, magoti pamoja, macho ukutani.

Zamu yake ilipofika Dokta Leonidasi alimwuliza nani alimfundisha.

"Hawa," alisema Pelagia. "Mmoja kukata, mmoja kushona. Walishindana, na mimi nikapita katikati."

"Na ruhusa?"

"Sikuomba. Ningeomba, mngekuwa mnaniuliza kuhusu maiti mbili, na jibu lingekuwa rahisi."

Karani aliacha kuandika. Siku iliyofuata Dokta Leonidasi alikwenda mwenyewe kwenye kambi ya wakimbizi Mabamba, akaomba kumwona Uwimana, akautazama mshono wake kwa muda mrefu, akaupapasa kwa kidole gumba. Aliporudi alitoa uamuzi wake. Pelagia asimamishwe kazi mpaka jambo liamuliwe juu zaidi.

Nje, penye magari, Sun alimfuata. Kiswahili cha utangazaji kilikuwa kimemtoka. "Dada," alisema, "mimi nilitafsiri nilichoambiwa. Yule mtoto ninamwota." Akamshika mkono, akaondoka haraka kwa sababu aliitwa. Dokta Harlan alimletea Pelagia sweta, katikati ya mwaka, bila Krismasi yoyote, akasimama nalo mkononi akikosa pa kuanzia. Pelagia alilipokea. Kulikuwa na baridi.

Alirudi Kitahana akashika jembe. Akina mama wajawazito walimfuata hata huko, na ingawa alikatazwa hakuwarudisha wale ambao angewazalisha kwa njia ya kawaida. Wale wengine, aliowajua kwa kuwagusa tu kwamba watahitaji kisu, aliwasindikiza barabarani wapate gari, na alipoachana nao hakuweza kukaa chini. Alipalilia shamba la mama yake mpaka likawa safi kupita kiasi, akaanza la jirani. Immakulata alimtazama, akamwachia.

Khatibu ndiye aliyeleta habari. Lori lake lilisimama njiani, akashuka mwenyewe, akapita katikati ya maharage akiinua kanzu isishike matope. Dokta Leonidasi amepita Kasulu. Pelagia amepewa onyo kali litakalokaa kwenye faili lake siku zote. Na amepewa nafasi ya chuo cha waganga wasaidizi Mwanza, kwa serikali, bila Mmarekani wala Mchina. Anatakiwa aripoti mwanzo wa muhula.

Pelagia aliegemea jembe. Hakujua acheke au atukane. Kitu alichokililia alikuwa amekipata pamoja na fimbo, hiki kikitoka mkono mmoja na fimbo mkono mwingine wa mtu yuleyule, na mtu huyo safari hii alikuwa wa kwao. Aliuliza kama watamfundisha kukata na kushona mwanzo kabisa, kama mtu asiyejua. Khatibu akasema bila shaka watamfundisha mwanzo kabisa.

"Nitachelewa," alisema Pelagia, na Khatibu hakuelewa anachelewa nini, kwa kuwa muhula ulikuwa bado mbali.

Lakini yeye alikuwa akiwahesabu wale aliowasindikiza barabarani, na alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea nyumbani, akimwita mama yake, akiuliza lile sanduku la bati liko wapi.